Dansi ya Mwaka wa Matanga

Los Angeles, 9 Machi 1997

Shangazi Ozite, shikamoo.

Natumaini u mzima na goti limeacha ukorofi. Nisalimie wote: Shangazi Nezida, Wilmer na mkewe, na yule jogoo wako mwendawazimu kama bado hujamtia sufuriani. Najua simu ipo, lakini nawe nakujua. Ikilia unadhani kuna aliyekufa, unaipokea ukiwa umeshaanza kulia. Kwa hiyo naandika.

Tangu nirudi kutoka kwenye maziko ya Mjomba Alcide sijatulia. Wiki iliyopita nilipiga video ya kijana mmoja mwimbaji, wimbo wake uko redioni asubuhi hadi jioni. Alichelewa nusu siku kwa sababu ya nywele. Halafu akataka aonekane anatembea polepole, kama yuko majini, huku mdomo ukienda sawa na wimbo. Hiyo ina ujanja wake, Shangazi. Siku ya kupiga picha tunaufungulia wimbo kwa kasi maradufu, unasikika kama panya wanagombana, naye anaufuatisha kwa mdomo huku akikazana. Baadaye tunaipunguza mwendo ile picha na kuweka juu yake wimbo wenyewe. Watu majumbani wanaona mfalme anatembea. Sisi tuliokuwepo tuliona mtu anayekimbilia choo.

Video hizo ndizo zinazonilisha. Lakini filamu yangu mwenyewe, ile ya binti anayerudi kwao Louisiana kwa Jumamosi moja ya dansi, nimeshaipiga karibu yote. Hakuna kampuni nyuma yangu. Kuna mimi, Teruko mpiga picha wangu, na marafiki wanaoniigizia kwa sahani ya wali. Watu wa tamasha moja la filamu huko Houston wameona nilichonacho na wamekipenda. Wanataka iliyokamilika kabla Septemba haijaisha. Kimebaki kipande cha mwisho, yaani dansi yenyewe, ukumbini kwa Mjomba. Unakumbuka aliniahidi kwamba kodiani angeipiga yeye.

Basi nilikuwa nauliza, kama haitakuwa usumbufu, nije na watu wangu Mei tuipige hiyo dansi? Kodiani atashika Wilmer.

Mwanao,
Renella


Lawtell, Louisiana, 4 Aprili 1997

Renella mwanangu, marahaba.

Barua yako ilifika na nimeisoma mbele ya Nezida, ambaye amecheka panya na akaniamuru nikuulize kama unakula. Goti halina adabu. Jogoo yu hai. Juzi alimfukuza mtu wa posta mpaka kwenye gari lake, na ndiyo maana barua zetu zinachelewa.

Pasaka tulikaa vizuri. Soseji za wali zilikuwepo za kutosha, na watoto waligonganisha mayai uani kama kawaida, lako likipasuka limekwenda kwa mshindi. Wilmer alimaliza mayai ya watu wote. Tulipomkagua tukakuta la kwake ni la kanga, ganda gumu kama jiwe, jambazi yule, mtu mzima na ndevu zake, anadhulumu watoto wa kipaimara. Mama yake alimvua kofia mbele za watu.

Bamia nimepanda. Mvua imekuwa nyingi.

Umeuliza habari za ukumbi. Paa linavuja upande wa jukwaa.

Kula, mwanangu.

Shangazi yako,
Ozite


Los Angeles, 28 Aprili 1997

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Nimecheka yai la kanga mpaka Teruko akadhani nimepatwa na kifafa. Mwambie Wilmer nimemdharau, na mwakani anifichie moja.

Kuhusu paa, hilo lisikupe shida. Nitakuja na mafundi, tutaliziba siku moja kabla. Au nitasogeza kamera upande mwingine, paa halitaonekana kabisa. Niambie tarehe tu.

Nakwambia hivi kwa sababu nimejaribu njia nyingine nikashindwa. Nilikodi ghala huku, tukapanga meza na mabenchi, nikaita wacheza dansi wa kulipwa, nikafungulia kanda ya Mjomba. Ule wimbo wake wa taratibu. Unajua pale anapougeuza wimbo anavyokata pigo moja, kama mtu aliyeruka ngazi gizani? Wote walijikwaa. Wote, Shangazi, wasichana waliosomea dansi tangu wadogo. Nikawaeleza, wakahesabu kwa vidole, wakajikwaa tena. Mmoja akaniambia, "Huyu mpigaji wako amekosea." Nilitamani kumzaba kofi. Nikawapa chakula nikawaruhusu waende.

Nimekutumia kanda ya video uone nilichopiga mpaka sasa. Itazame uniambie.

Renella


Lawtell, 8 Juni 1997

Renella,

Sisi wazima. Mtoto wa pili wa Wilmer amebatizwa, wamemwita Alcide. Nililia kidogo, kisha nikaosha vyombo.

Kanda yako iko juu ya kabati. Sijaitazama. Televisheni nimeigeuza uso ukutani siku ile tuliporudi makaburini, na redio iko chini ya kitanda. Kioo cha sebuleni bado nimekifunika shuka. Mambo hayo uliyaona kwa macho yako Januari, ukanisaidia kukunja shuka lenyewe.

Nilikwambia paa linavuja ili nisikwambie jambo ulilopaswa kulijua. Katika nyumba ya mfiwa muziki haulii mwaka mzima. Haikuwa hivyo kwa bibi yako? Haikuwa hivyo kwa mama yako, ulipokuwa na miaka tisa, ukawa unaimba chini ya mto ili nisikusikie, nami nikajifanya sikusikii? Na ukumbi ni nyumba yangu. Mlango wa jikoni unafungukia jukwaani. Nikichemsha kahawa nakiona kiti chake.

Hukuniudhi kwa kuomba. Uliniudhi kwa kuomba kama mgeni aliyepita barabarani akaona jengo zuri. "Kodiani atashika Wilmer." Uliandika kirahisi hivyo, kama mtu anayebadilisha taa iliyoungua.

Sitaki kukuandikia kwa hasira, ndiyo maana nimekaa mwezi mzima. Bado ninayo kidogo, kama unavyoona. Kula.

Ozite


Los Angeles, 16 Juni 1997

Shangazi yangu, shikamoo, na nisamehe.

Umesema kweli na nimeona aibu. Nilikuwa naupanga ukumbi kichwani kwa ajili ya kamera, huyu akae hapa, taa ile ihamie pale, na katika kupanga nikapanga hata msiba wako. Nampenda Mjomba. Nilidhani kumpenda kwangu kunatosha kuwa ruhusa.

Basi sitakuja. Filamu itaishia mlangoni, binti akiwa ameshika kitasa, anasikia muziki ndani. Si mwisho nilioutaka, na watu wa Houston wameshaniambia kwamba bila dansi hawana uhakika nayo, lakini huo ndio nilionao. Januari mwakani matanga yakiisha nitakuja kukaa tu, bila kamera, nikuchumie bamia.

Mimi sijambo kabisa, usiwe na wasiwasi wowote. Kazi zipo. Nyumba ni nzuri, dirisha langu linaona mnazi.

Hongera kwa Alcide mdogo.

Mwanao,
Renella


Lawtell, 13 Julai 1997

Renella mwongo,

Januari hakuna bamia, na mnazi huna.

Wilmer amerudi na lori lake. Anasema alikupitia huko kushusha mzigo wa mchele, akaenda kwenye anwani ya nyumba yako, akafunguliwa na Mfilipino mpole aliyemwambia ulihama tangu Februari na kwamba barua zangu hukupelekea kazini. Akakukuta unalala kwenye kochi katika chumba unachokatia filamu, umejifunika koti, ukamwapisha asiniambie. Wilmer kuapishwa! Mtu wa yai la kanga! Hakufika hata mezani, alianza kusema akiwa bado anavua viatu.

Unaniandikia nywele za watu na panya wa watu, halafu kwamba umeiacha nyumba yako ili umalize filamu ya mume wangu, hilo unalificha. Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikalia, na safari hii sikuosha vyombo.

Sasa sikiliza. Nilirudia kusoma ile barua yako ya kwanza, ya yule mfalme wa chooni. Ulisema anachokisikia mwimbaji siku ile sicho watakachosikia watu, na wimbo unawekwa baadaye. Nikamuuliza Nezida: kama mtu wa Los Angeles anaweza kuimba bila sauti, watu wa Lawtell watashindwa kucheza bila kodiani?

Unamjua Nezida. Ni dada mkubwa wa marehemu na neno la mwisho ni lake. Hata Padri humuuliza kabla ya kuhamisha sanamu. Alifikiri majuma mawili. Jana baada ya misa akasema, "Kilichokatazwa ni muziki. Miguu ni miguu. Jirani akitembea ukumbini mwako, utamkataza kwa sababu anatembea vizuri?" Nikasema hapana. Akasema, "Lakini mjane hachezi na mjane hatazami. Utakaa kwenye kiti, mgongo kwao, gauni jeusi, rozari mkononi. Na yule mtoto asithubutu kufungulia hata redio ya gari."

Njoo Agosti. Paa kweli linavuja, hilo sikukudanganya. Wilmer atalipanda. Ni adhabu yake.

Shangazi yako,
Ozite


Los Angeles, 2 Septemba 1997

Shangazi yangu wa nafsi, shikamoo.

Tumefika salama. Teruko mpaka leo anazisimulia soseji zako na anataka kujua kama anaweza kuasiliwa. Jogoo amemwachia kovu na analionyesha kwa fahari.

Nimeshatazama tulichopiga. Nimetazama tena na tena.

Uliwasikia majirani wakicheza, lakini hukuwaona, kwa hiyo nikusimulie. Nilipowaambia "chezeni" walitazamana kama watu walioombwa wavue nguo. Mzee Ovide akauliza, "Tuanze na nini?" Nezida, pale mlangoni na fimbo yake, akamjibu, "Na mguu wa kushoto, mpumbavu wewe, kama miaka yote." Wakacheka, wakaanza. Mwanzoni viatu vilisikika kila kimoja na lake. Kisha vikaanza kukubaliana. Sikuwaambia wimbo gani; nilikuwa nimedhani wangechagua wa haraka. Wakaingia kwenye ule wa taratibu, wote, na hakuna aliyeutaja. Walipofika pale Mjomba anapogeuza, ukumbi mzima ukaruka pigo pamoja. Teruko hajui muziki wetu, lakini aligeuka kunitazama. Kamera nilikuwa nimeiweka moja tu, haikukatika tangu mwanzo mpaka mwisho, na hatukurudia. Nisingethubutu kuwaomba warudie.

Nilijaribu kuweka kanda ya Mjomba juu yake. Inaenda sawa kabisa, Shangazi, kana kwamba alikuwepo. Nikaitoa. Filamu yote ina muziki, imejaa kodiani na lile bati la kifuani linalokwaruzwa kwa vijiko, tangu mwanzo. Kipande hiki peke yake nimekiacha na viatu tu.

Sasa kuna jambo, na nimejifunza kutokukuficha mambo. Wewe unaonekana pembeni kulia, mgongo kwetu, umekaa kama alivyoagiza Nezida. Kichwa hakitikisiki. Rozari inaonekana. Lakini chini ya kiti mguu wako wa kulia unacheza. Kuanzia mwanzo. Na pale pa kuruka, unaruka.

Picha ni moja, siwezi kukukata wewe nikabaki nao. Nikikata, naikata dansi yote, tunarudi kwenye kitasa. Sitaki watu waseme mjane wa Alcide alicheza kabla ya mwaka. Neno lako ndilo nitakalofuata.

Renella


Lawtell, 9 Septemba 1997

Renella,

Mguu wangu haukucheza.

Mimi nina miaka sitini na saba na goti bovu, nilikaa pale nasali mafungu matano ya rozari, na mguu wangu naujua. Huenda ni kivuli. Huenda ni paka. Vifaa vyenu hivyo ndivyo vilivyomfanya mkimbilia choo kuwa mfalme, vitashindwa kuuchezesha mguu wa mjane?

Na kwa kuwa si mguu wangu, sina la kuuruhusu wala kuukataza. Uonyeshe huko Houston unavyotaka.

Bamia zimezaa sana.

Ozite


Los Angeles, 20 Oktoba 1997

Shangazi, shikamoo.

Hujambo? Nimeandika mara mbili kisha nikazichana. Wilmer aliniambia kwa simu kwamba goti limekulaza na kwamba ukitajiwa jina langu unaanza kukung'uta mikeka.

Wamekubali. Inaonyeshwa Houston tarehe 15 Novemba jioni, chumba kikubwa. Nilirukaruka barabarani peke yangu, mbwa wa watu wakabweka. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia, na nikashindwa kukupigia simu usije ukadhani kuna msiba.

Tena yupo bwana mmoja aliyeiona, anataka kuizungusha kwenye majumba ya sinema, na angeanzia Lafayette, hapo karibu na kwenu. Kwa maneno mengine, watu wa parokia yote, pamoja na Nezida. Anataka jibu. Nimemwambia asubiri, sikumwambia kwa nini.

Umeniambia si mguu wako. Shangazi, mimi nimelelewa chini ya meza ya jikoni yako, mguu huo nimeutazama miaka tisa ukipiga kiatu ulipokuwa unakoroga chungu, ukinisukuma nisisinzie. Sitaipeleka filamu Lafayette kwa ruhusa ya "si wangu." Ukisema kata, nitakata na sitakununia. Nimeshakata vitu vizuri maishani. Lakini useme.

Sikualiki Houston, najua huwezi kuingia mahali penye muziki. Nitakuwazia.

Mwanao,
Renella


Lawtell, 17 Novemba 1997

Renella mwanangu,

Nilikuwepo.

Usimkaripie Wilmer. Nilimwambia anipeleke kwa daktari wa goti, tukafika njia panda nikamwambia daktari yuko Houston. Saa nne za barabara hakusema kitu, na kwa Wilmer huo ni muujiza wa kupelekwa Roma.

Nilivaa jeusi. Tiketi nilikata kama watu wengine, lakini mlango wa chumba niliukataa. Ndani kodiani ilikuwa inalia, niliisikia kwa mbali nikasogea mpaka karibu na mashine ya bisi ili kelele zake ziizibe. Kijana wa mlangoni akanifuata. "Mama, umelipa, kaa ndani." Nikamwambia, "Nina msiba. Utaniita muziki ukikoma." Akasema, "Muziki ukikoma ndiyo mwisho, Mama, utakuwa hujaona kitu." Nikasema, "Wewe niite tu." Nadhani aliniona nimechanganyikiwa, lakini alikuwa na malezi. Alisimama sikio mlangoni, mara akanipungia mkono, akanishika kiwiko, akaniingiza gizani. Nilisimama ukutani nyuma kabisa.

Niliwaona. Ovide na tumbo lake, mkubwa kama ghala. Binti wa Theogene na yule mume asiyejua kuchana nywele. Kiti cha Alcide kitupu jukwaani, nacho hakikuniumiza kama nilivyoogopa. Watu wote walionizunguka walikuwa kimya, nilisikia viatu vya Lawtell katika mji wa Houston. Kisha nikaona kimama kimekaa pembeni, mgongo umepinda, nikajiuliza ni nani huyu mzee. Nilikuwa sijautazama mgongo wangu tangu niolewe.

Nikashuka kwa macho mpaka chini ya kiti.

Nilingoja waje pale anapogeuza. Nikajisemea, ukiruka, ni wangu.

Wakawasha taa, watu wakasimama kupiga makofi, nikakuona mbele na gauni la bluu, unalia na kamasi bila kitambaa. Umekonda. Nilitaka kuja, nilishapiga hatua mbili, mara wapiga muziki wao wakaanza pale pale, nikageuka nikatoka. Nilikuachia boksi la soseji kwa yule kijana. Kama hakukupa, basi hakuwa na malezi.

Jana nilimwambia Nezida mwenyewe, kabla Lafayette haijamwambia. Nilikwenda kwake baada ya misa, nikasimama, sikukaa. Nikamwambia, "Nilikaa mgongo kwao kama ulivyosema. Sikutazama. Lakini mguu wangu ulimchezea Alcide tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikujua." Akawa anachokonoa sakafu kwa fimbo. Nikajua sasa ananiandalia maneno. Akauliza, "Pale pa kuruka, uliruka?"

Nikasema niliruka.

Akasema, "Basi nenda kapike."

Mwambie yule bwana wa sinema ndiyo. Ni mguu wangu, Renella. Uache.

Shangazi yako,
Ozite